Moraa wa Ng'iti: Mathe wa Kitutu, Obokano na Muvi ya Mapenzi Yenye Imelala Kisii

Wacha nianze na swali. Mara ya mwisho ulilia ukiangalia muvi ilikuwa gani? Najua wewe. Ni ile ya zamani zamani, watu wamevaa manguo marefu, kuna dem wa kijijini, kuna chali na gitaa ama filimbi ya kienyeji, kuna vita inakuja, na kuna wimbo mmoja unarudi kila sini hadi mwisho unashindwa kumeza mate. Inaweza kuwa ya Korea, ya India ama ya Uturuki. Ukimaliza unaenda kulala na macho mekundu, asubuhi unaambia mbogi ati ulikuwa na mafua.

Sasa skia hii. Kuna muvi ya aina hiyo imelala chini ya miguu yako ukishuka mat pale Kisii Town. Iko pia ukipanda nduthi kuelekea Nyamira, ukipita migomba na majani chai. Iko na vita, iko na mapenzi, iko na ala ya muziki yenye sauti yake ukiiskia kifua kinatetemeka. Na staa wake ni mwanamke. Jina lake Moraa wa Ng'iti.

Kama umekulia Gusii, hilo jina umeliskia shuleni dakika mbili, mwalimu akakimbilia Otenyo na mkuki. Leo tunapunguza mwendo. Kaa chini, weka simu kwa chaja, nikupe stori ya huyu mathe venye inafaa kupewa.

Huyu Moraa alikuwa nani?

Moraa alikuwa mtu wa Kitutu, ukoo wa Bogeka. Kitutu ya siku hizo haikuwa imekatwa katikati. Leo kipande kimoja, Kitutu Chache, kiko Kaunti ya Kisii, na kingine, Kitutu Masaba, kiko Kaunti ya Nyamira. Kwa hivyo msee wa Kisii na msee wa Nyamira wakianza kubishana ati Moraa ni wa nani, waambie wapunguze kelele. Wakati wake hakukuwa na kaunti wala bodaboda wa kukuuliza unashukia wapi.

Alikuwa mganga wa dawa na mtabiri. Hapa usifikirie mambo ya mabango ya barabarani, yale ya kurudisha mpenzi kwa siku tatu. Kwa Abagusii, kazi ya kupiga ramli ilikuwa na watu wake, wanaitwa abaragori, na wengi wao walikuwa wanawake. Manze hiyo ni pointi kubwa. Kwenye baraza la wazee, wanaume ndio walikaa na kuamua. Mwanamke hakuwa na kiti pale. Lakini mtoto akiugua, mvua ikikataa, ama vijana wakitaka kwenda vitani, hao hao wazee walitoka barazani wakaenda kubisha mlango wa mama. Moraa alikuwa na nguvu ya aina hiyo. Hakupewa cheo na mtu. Watu walimskiza kwa sababu walimwamini.

Na kabla yake kulikuwa na Sakawa, nabii mkubwa wa Gusii, yule wazee wanasema alitabiri kuja kwa wageni na mji wao. Kwa hivyo Moraa hakuishi kwa watu wasiojua kwamba kitu kinakuja. Walijua. Swali lilikuwa moja tu: kikifika, tunafanya nini?

Kwanza uelewe mapenzi ya Kisii ya kitambo

Hapa ndio utaona kwa nini naiita stori ya mapenzi. Tulia.

Siku hizo hungeweza kuoa mtu wa ukoo wako. Ni mwiko. Kwa hivyo mpenzi wako lazima atoke upande ule mwingine, na upande ule mwingine mara nyingi ndio mliokuwa mnapigana nao juu ya mashamba na mifugo. Abagusii wenyewe wana msemo wa maana hiyo, kwamba mnaoana na wale wale mnaopigana nao. Sasa fikiria hiyo presha. Uko na miaka yako ishirini, umemwona dem sokoni, roho imeanguka kabisa, halafu kaka zake ni wale waliomrushia binamu yako mishale mwaka jana. Shakespeare alitumia familia mbili za Verona kupata stori moja. Gusii kila harusi ilikuwa hivyo.

Kitu kilichovusha watu kutoka ugomvi hadi ndoa kilikuwa ng'ombe. Chiombe. Mahari. Bila ng'ombe hakuna harusi, hata mpendane namna gani. Na familia nyingi zilitegemea binti aolewe ndio ng'ombe zake zimsaidie kaka yake naye aoe. Yaani dada anatoka, ng'ombe wanaingia, halafu ng'ombe hao hao wanatoka kwenda kumleta mke wa kaka. Ng'ombe mmoja angeweza kubeba ndoa mbili mgongoni.

Ndio maana vijana, abamura, hawakulala kwa mathe. Walikaa kwenye kambi za ng'ombe, ebisarate, wakilinda mifugo usiku na mchana wakiwa na mikuki na ngao. Wewe unaona ni askari wanalinda mali. Wao walikuwa wanalinda harusi zao, na za dada zao, na za wadogo zao waliokuwa bado wanacheza matope.

Na harusi yenyewe ikifika kilele, ile enyangi, bibi alivishwa pete za chuma miguuni, ebitinge. Ukizivaa hizo, umeolewa kweli kweli. Ukitembea zinalia. Kila hatua ni wimbo, kila mtu anajua mke wa nani anapita.

Sasa tuongee muziki

Kama hujawahi kuskia obokano ikipigwa laivu, samahani, lakini bado kuna kitu kwenye maisha hujafanya.

Ni kinubi kikubwa cha Abagusii. Kina nyuzi nane. Mwili wake ni bakuli kubwa la mbao lililofunikwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji hukaa nacho mbele yake, kikimfunika karibu kifua chote, akiimba huku vidole vinatembea. Sauti yake iko chini kabisa, ina mkwaruzo fulani, inavuma kama nyuki wakubwa ndani ya mzinga. Spika yako ya Bluetooth haiwezi. Hiyo besi haiji kwa masikio peke yake, inakuja na kwa mbavu.

Wapigaji wake ndio walikuwa redio, gazeti na wachekeshaji wa siku hizo. Nani ameoa vizuri, nani ni mchoyo, nani amekimbia vita, yote yaliingia wimboni. Na wanawake nao walikuwa na zao. Walikuwa na ribina, ngoma yao. Walikuwa na nyimbo za harusi za kutaniana, upande wa bwana unachomwa, upande wa bibi unajibu, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Mwanaume wa Kisii angeweza kuvumilia jeraha. Kuimbwa vibaya na wanawake mbele ya watu, hiyo ilikuwa noma nyingine.

Shika hilo, msomaji, maana Moraa alilijua vizuri kuliko mimi na wewe.

Na uone kitu kimoja. Ngozi ya obokano imetoka kwa ng'ombe. Mahari ni ng'ombe. Kambi ya vijana ni ya ng'ombe. Mtu akija akuchukulie ng'ombe, amebeba pesa, amebeba harusi, na amebeba hata muziki.

Halafu wakaja watu, wakachukua ng'ombe.

1905: siku spia zilikutana na Maxim

Mwaka wa 1905 Waingereza walituma kikosi Gusii. Walisema wanakuja kuadhibu wizi wa ng'ombe kwa majirani. Walikuja na askari wa KAR na polisi, na walikuja na bunduki ya Maxim, ile inatema risasi kama mvua ya mawe kwa bati.

Kitutu ndio walipokea kipigo. Vijana walitoka na mikuki na ngao, wakakimbia moja kwa moja kuelekea kwa ile bunduki, kama baba zao walivyokimbilia maadui wengine na wakashinda. Hawakushinda. Walianguka wengi mbele ya hiyo mashine. Kikosi kiliondoka na mifugo kwa maelfu, na kikaacha vijiji vinatoa moshi.

Sasa weka hapo ile hesabu ya ndoa. Ukiua vijana na ukabeba ng'ombe wa mahari siku hiyo hiyo, umewaacha mabinti bila wa kuwaoa, na vijana waliobaki umewaacha bila cha kuolea. Mapenzi ya kizazi kizima yamepigwa pozi.

Moraa alikuwepo. Aliyaona haya akiwa mtu mzima, mama anayeskizwa. Na kuanzia hapo msimamo wake haukuyumba: hawa watu wasikubaliwe. Wazee wengine walianza kuona afadhali kukaa chini na mgeni, wengine wakaona hata kuna cheo cha kupata. Moraa alikataa. Kama ni leo, angekuwa yule msee mmoja kwenye grupu ya WhatsApp anayeandika hapana wakati wengine wote wameweka dole gumba.

1907: Nyarigoti anafika

Mwaka wa 1907 serikali ya kikoloni ikafungua ofisi Getembe. Ndio hapo Kisii Town ya leo, mahali wazee bado wanaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Aliyeletwa kuisimamia alikuwa kijana anaitwa Northcote. G.A.S. Northcote. Abagusii ulimi ukamgeuza akawa Nyarigoti.

Cheki umri wake: miaka 26 hivi. Rika la wale vijana wa ebisarate. Rika lako pengine, wewe unayesoma hii ukiwa kwa foleni. Kijana wa miaka 26, ameletwa kutoka ng'ambo, anapewa nchi nzima ya watu asiojua lugha yao, aitawale. Alianza kufanya kile maafisa wote wa wakati huo walifanya: kuamua kesi, kutuma askari, kukamata ng'ombe mtu akikataa amri.

Ng'ombe tena.

Kwa Northcote, kukamata ng'ombe ilikuwa faini, kitu cha kuandika kwa kitabu. Kwa Bogeka ilikuwa ni kuingia kwa nyumba ya mtu na kuondoka na harusi ya mtoto wake. Sidhani huyo kijana alielewa hiyo tofauti. Na sidhani kuna mtu alimkalisha chini akamwelezea.

Otenyo

Sasa tuingie kwa mtu wa pili kwenye hii muvi. Otenyo Nyamaterere. Mpiganaji wa Kitutu, kijana wa nyumbani kwa Moraa, ambaye alimchukua kama mwanawe. Simulizi zote zikimtaja mmoja lazima zimtaje na mwingine. Kama unatafuta mapenzi makubwa kwenye hii stori, ndio haya. Si ya kubusiana kwa mvua. Ni ya mama na kijana.

Inasimuliwa kwamba Moraa, akiona mifugo inaondoka na wanaume wamesimama tu wakiangalia, aliwageukia abamura akawasimanga. Aliwaambia kama wao wameogopa, wakae nyumbani, wanawake watachukua silaha waende wenyewe. Fikiria hayo maneno kwenye jamii ambayo kijana hulala na ngao yake ndio asiitwe mwoga. Fikiria yanatoka kwa mama ambaye hata wazee humwogopa. Na fikiria kila kijana pale anajua kinachofuata: kesho wimbo utatungwa, na jina lake litakuwa ndani.

Otenyo ndiye aliyesimama. Wanasema Moraa alimpa dawa ya kumkinga, akambariki, akamwachilia aende.

Ilikuwa Januari 1908. Northcote alikuwa anapita Kitutu. Otenyo alijificha karibu na njia, akasubiri, mkuki ukatoka. Ulimpata mgongoni. Northcote alianguka, na habari ikakimbia ridge hadi ridge kwamba Mzungu amekufa. Unaweza kupiga picha hiyo sherehe. Watu walioona Maxim ikimaliza ndugu zao 1905, sasa wanaambiwa kijana mmoja na mkuki mmoja amemaliza kazi.

Lakini Northcote hakufa. Aliponea.

Moto

Hapa muvi nyingi zingeweka mziki wa ushindi na kufunga. Maisha hayakufunga hapo.

KAR walirudi, na safari hii hawakuja kuuliza swali. Waliingia Kitutu wakachoma nyumba, wakachoma chakula, wakabeba ng'ombe kwa maelfu, mbuzi na kondoo pia. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, wengi wao hawakuwahi kumshika Northcote hata kwa jicho. Familia zilikimbilia milimani na kwa majirani, zingine bila hata kibuyu.

Ilikuwa mbaya hadi London ikashtuka. Kule kwenye wizara ya makoloni kulikuwa na naibu waziri kijana aliyekuwa ametoka tu kutembea Afrika Mashariki miezi michache nyuma. Aliposoma ripoti za mauaji na za ng'ombe waliokamatwa, aliandika kulalamika kwamba hao ni watu wasio na kinga, na kwamba kuua kwa kiwango hicho hakuna haja. Jina lake Winston Churchill. Ndio, yule yule. Wakati hata Churchill anasema mmezidi, jua mmezidi.

Otenyo aliwindwa hadi akapatikana, na akauawa. Simulizi ya kwao, yenye Abagusii wameishika zaidi ya miaka mia moja, inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Familia na wazee wameomba mara nyingi kirudishwe. Kwa mila zetu, mtu asiyezikwa akiwa kamili hajapumzika, na waliobaki pia hawajapumzika. Hadi leo ukitaja Otenyo mbele ya mzee wa Kitutu, angalia uso wake kwanza kabla uendelee.

Basi Moraa alikosea?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mitandaoni watu hupenda mashujaa wasafi. Wanaweka picha, wanaweka taji la moto, wanaweka malkia, wanaenda.

Moraa alisema neno, kijana akaenda, nyumba zikachomeka. Hiyo ni kweli na hatuwezi kuipiga chenga. Pengine kuna mama wa Bogeka aliyepoteza mtoto kwenye ule moto, na huyo mama pengine alimwangalia Moraa kwa jicho fulani hadi kifo. Simulizi hazituambii. Lakini wewe ni mtu, mimi ni mtu, tunajua vijiji venye hukaa baada ya msiba. Kuna waliosema alituokoa heshima. Na lazima kulikuwa na waliosema alituua.

Lakini weka na upande ule mwingine kwa mizani. 1905 Otenyo hakuwa amemchoma mtu mkuki, na watu bado waliuawa. Ng'ombe bado walibebwa. Wale waliokaa kimya pia walipoteza. Hiyo ndiyo hesabu Moraa alikuwa nayo kichwani: tukinyamaza wanachukua, tukipigana wanachukua. Aliamua kama ni kupoteza, wasipoteze wakiwa wameangalia chini.

Unaweza kukubaliana naye ama ukatae. Mimi nikiwa na miaka ishirini nilimwona ni shujaa tu, hakuna maswali. Siku hizi nikifikiria ile asubuhi Otenyo anaondoka, naona mama amesimama mlangoni. Amemkinga na dawa yake yote. Anajua bunduki ilifanya nini 1905. Na bado anamwachilia. Sijui kama mimi ningeweza. Huyo kijana hakuwa wa jirani. Alikuwa wake.

Ndio maana nasema ni stori ya mapenzi. Kumtuma mtoto wa mwenzako ni rahisi, wanasiasa wetu hufanya hivyo kila msimu. Moraa alimtuma wa kwake.

Baada ya hapo

Simulizi za Kitutu zinamwacha Moraa hai baada ya moto. Kwa hivyo aliishi na matokeo. Aliona Bosongo ikikua. Aliona kodi ikiingia, machifu wakiwekwa, na karibu 1912 serikali ikavunja ebisarate, zile kambi za vijana. Fikiria hiyo. Kuanzia hapo hakukuwa tena na mahali abamura wanakaa pamoja na ngao zao. Otenyo mwingine hangeweza kulelewa vile.

Lakini moto haukuzimika wote. Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza tu, Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakapigana na Waingereza hapo hapo Kisii. Waingereza walipoacha mji, Abagusii waliingia wakapora zile ofisi na maduka. Waliadhibiwa vibaya baadaye, na nadhani ushakisia walichukuliwa nini. Ng'ombe. Na katika miaka hiyo dini ya Mumbo ikasambaa Gusii ikiwaahidi watu kwamba wageni wataondoka. Unaona jinsi ile hapana ya Moraa ilivyoendelea kutafuta mdomo mwingine wa kusemea?

Na Northcote? Yule kijana wa mkuki mgongoni aliendelea na kazi yake hadi akawa gavana, na kufikia 1937 alikuwa gavana wa Hong Kong. Akapewa cheo cha heshima na jina refu. Kule Asia mwanafunzi angeweza kusoma jina lake bila kujua kwamba karibu akomeshwe na kijana wa Bogeka kando ya njia, kwa sababu ya ng'ombe.

Ukipima kwa vyeo, Nyarigoti alishinda. Lakini nenda Kitutu leo uulize mtoto wa darasa la nne Gavana wa Hong Kong wa 1937 ni nani. Halafu muulize Otenyo ni nani. Muulize Moraa ni nani, na hesabu ni mabinti wangapi darasani wanaitwa Moraa.

Sasa hii muvi nani ataitengeneza?

Nimekwambia mwanzo kwamba iko chini ya miguu yako. Vitu vyote viko. Milima ya Manga iko, ukisimama pale juu jioni hauhitaji hata taa ya seti. Ukungu wa Nyamira wa saa kumi na mbili asubuhi uko, na ni wa bure. Hadithi umeskia. Kitu kinaisha ni muziki.

Wazee wa obokano wanapungua. Ni ala kubwa, nzito, inachukua miaka kujua, na harusi nyingi siku hizi ni spika na dijei. Sisemi dijei atoke, mimi pia hucheza. Lakini mpigaji mmoja akienda bila mwanafunzi, ameenda na nyimbo zake zote, na kwenye hizo nyimbo ndimo majina yamewekwa. Abagusii wa wakati wa Moraa hawakuandika kitabu. Waliimba. Ile faili ya kesi yetu upande wa Waingereza imeandikwa vizuri, tarehe na idadi ya ng'ombe. Faili ya upande wetu ina nyuzi nane, na iko kwa mikono ya wazee wachache.

Kwa hivyo skia, msomaji. Mwisho wa mwaka utaenda ocha, najua. Utaenda na nguo mpya na simu yenye kamera ya maana. Usipige picha za nyama choma peke yake. Kaa na nyanya yako, huyo omong'ina aliyeketi kando ya moto, mwambie akuimbie ile ya harusi yake. Atacheka kwanza, atasema amesahau, atasema sauti imeisha. Mngoje. Mwamkie vizuri, mpe chai, umngoje tu. Itatoka. Ukiona ameanza, bonyeza rekodi na unyamaze.

Muulize pia kama aliwahi kuona mwanamke amevaa ebitinge. Muulize mahari yake ilikuwa ng'ombe wangapi na waliolewesha nani. Hapo utashangaa. Utajua kwa nini baba yako mkubwa anaheshimu shangazi fulani hivyo: ni ng'ombe wa huyo shangazi ndio walimletea mke.

Na siku moja mmoja wenu, pengine wewe uliyesoma hadi hapa, atapata kamera na doh kidogo. Ukianza kuandika hiyo muvi, nakuomba kitu kimoja. Usianze na mkuki. Kila mtu huanza na mkuki. Anza usiku wa kuamkia siku hiyo, nyumba ya nyasi, moto umepungua, mama anatayarisha dawa. Nje kuna mtu anapiga obokano polepole, na kijana amekaa kwa kigoda, anaskiza, hasemi kitu. Kesho yake tunaijua. Wao hawakuijua.